Vita ya PlayStation na Xbox, na banda letu la gemu Babati

Wadau, sisi tuliokulia Babati tunalikumbuka banda la gemu: televisheni moja, pedi mbili, na foleni ya watoto wenye sarafu mkononi. Ukifungwa, unampisha mwenzako.

Mashine ilikuwa PlayStation 2, iliyotoka Japani Machi 2000. Ilisoma DVD, hivyo usiku banda liligeuka sinema. Microsoft wakajibu Novemba 2001 kwa Xbox, yenye diski ya ndani ya gigabaiti 8 na tundu la waya wa intaneti. Kadi ya kumbukumbu ya PlayStation 2 ilikuwa megabaiti 8 tu!

Ushindani ukazinoa. Mwaka 2004 Sony wakaifanya PlayStation 2 nyembamba. Xbox 360 ya 2005 iliharibika mno, hadi mwaka 2007 Microsoft wakaongeza dhamana kuwa miaka 3. PlayStation 3 ilianza 2006 kwa dola 499 Marekani. 2009 ikaja nyembamba kwa 299.

Mwaka 2020 zikatoka PlayStation 5 na Xbox Series, na kila kampuni ina toleo lisilo na tundu la diski kabisa. Gemu unaishusha kwa intaneti, makumi ya gigabaiti, na inafungwa kwenye akaunti yako.

Hapo ndipo naguna. Diski yetu moja iliyochubuka ilizunguka mtaa mzima, kila mtu akafaidi. Hii ya kushusha utamwazima nani? Picha zimeng'ara, lakini mwenye banda kaachwa nje.

Tafakarini, wadau.