Treni Iliyookolewa na Kamera

Watu wengi wakiona treni kwa tamthilia wanaangalia nani yuko ndani. Mimi naangalia magurudumu. Najua inasikika kiajabu, lakini nipeni dakika tano, kwa sababu kuna injini moja ya mvuke kule California ambayo imeigiza kuliko mastaa wengi mnaowafuata, na karibu kila msee ameiona bila kujua ameiona.

Haina hata jina la maana. Inaitwa Namba 3, ya Sierra Railway. Ilitengenezwa mwaka 1891 na kiwanda cha Rogers, mji wa Paterson, New Jersey, na haikuwa na mpango wowote na mambo ya kamera. Ilipelekwa Arizona kufanya kazi kwa kampuni ndogo iliyoitwa Prescott and Arizona Central. Kampuni ikakufa miaka miwili baadaye. Mwenyewe, jamaa anaitwa Thomas Bullock, akabeba vyuma vyake akahamia California, na mwaka 1897 yeye na wenzake wakaanzisha Sierra Railway kwenye vilima vya migodi ya dhahabu na mbao. Makao yakawa mji mdogo, Jamestown. Kazi ya kawaida tu: mizigo, abiria, kupanda, kushuka.

Halafu Hollywood ikaiona hiyo reli. Fikiria uko na studio na unataka kutengeneza muvi za kauboi. Unahitaji milima, stesheni ya mbao, na reli ambayo haina treni nyingi za kukuvurugia kazi. Sierra ilikuwa na zote. Mwaka 1929 Namba 3 ikatokea kwa The Virginian, ile ya Gary Cooper, wakati muvi za sauti zilikuwa bado kitu kipya.

Sasa hapa ndipo mambo yanakuwa mazito. Miaka ya 1930 uchumi wa Marekani ulianguka vibaya na Sierra Railway ikafilisika nao. Mwaka 1932 Namba 3 iliwekwa kando. Ikakaa hapo Jamestown ikishika kutu, mwaka baada ya mwaka. Vita vya Pili vya Dunia vikaja, na wakati wa vita chuma ni chuma: injini nzee ambayo haifanyi kazi ni skrapu inayongoja gari la kuibeba. Injini nyingi za umri wake ziliyeyushwa. Hii ikaponea. Na mwaka 1948 wakairekebisha wakaiwasha tena, na sababu kubwa haikuwa mbao wala abiria. Watu wa muvi walikuwa wanataka treni ya mvuke ya kukodisha.

Yaani manze, injini iliyokuwa imezeeka kwa kazi ya reli ilipata kazi ya kujifanya injini ya reli.

Miaka minne baadaye iko ndani ya High Noon. Lakini ile iliyoipeleka kwa sebule za watu kila wiki ni Petticoat Junction, vichekesho vya televisheni vilivyoonyeshwa na CBS kutoka 1963 hadi 1970. Pale inaitwa Hooterville Cannonball, treni kidogo ya kijijini ambayo dereva wake anaweza kusimama popote akijisikia. Na skia hii: kuna jamaa kwenye hiyo tamthilia, mkubwa wa kampuni ya reli anaitwa Homer Bedloe, na shida yake maishani ni moja tu. Anataka Cannonball ifungwe, iondolewe, iishe. Kila akija na ujanja wake, wanakijiji wanamshinda. Watu walikuwa wanacheka wakiwa kwa makochi yao, na injini wanayoiona ikipita kule mbali imewahi kuwa hatua moja kutoka kwa tanuri la skrapu kikweli. Sidhani waandishi wa hadithi walilenga hivyo. Ndiyo maana naipenda zaidi.

Ukitaka kuwa mtambuzi wa treni za runinga, hapo kwa Petticoat Junction ndipo pa kuanzia, kwa sababu kuna mtego. Treni ikiwa inakimbia nje, milimani, ni Namba 3 yenyewe. Waigizaji wakisimama karibu nayo wakipiga stori ndani ya studio, hiyo ni nyingine, nakala ambayo sehemu kubwa ni mbao, iliyotengenezewa muvi ya 1950 inayoitwa A Ticket to Tomahawk. Haijawahi kuchemsha hata maji ya chai. Na ni ndogo. Ukiiona hivyo mara moja, hutaacha kuiona.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Watu wa studio wanabadilisha vitu rahisi: wanapaka namba mpya, wanaweka bomba la moshi la mtindo mwingine, wanabadilisha taa ya mbele, wanachora jina la kampuni ambayo haijawahi kuwa. Magurudumu hayabadilishwi, ni gharama na ni kazi ya bure. Kwa hivyo unahesabu. Namba 3 ina manne madogo mbele, halafu makubwa sita, basi. Ukikuta The Wild Wild West, ile ya 1965 hadi 1969 ya majasusi wanaoishi ndani ya treni, tazama episodi ya kwanza kabisa: makubwa ni sita, ni Namba 3. Kuanzia hapo kwenda mbele makubwa yanakuwa manne. Wamebadilisha injini na hawakuambia mtu.

Hiyo ya magurudumu makubwa manne inaitwa Inyo, na stori yake ni kama ya Namba 3 ukiisimulia haraka. Ni ya kiwanda cha Baldwin, 1875, ya reli ya Virginia and Truckee kule Nevada, iliyojengwa kwa ajili ya migodi ya fedha ya Virginia City. Migodi ikaisha, reli ikawa maskini, na mwaka 1937 Paramount wakainunua kwa dola 1,250. Leo iko makumbusho ya reli huko Carson City. Reli yenyewe ilifungwa 1950.

Turudi kwa Namba 3, maana bado sijafika kwa ile mmeiona. Little House on the Prairie, imo. Na Back to the Future Part III ya 1990, ile Doc na Marty wanaiba treni isukume gari lao mpaka lifike kasi ya kurudi wakati wao, ndiyo hiyo, imevalishwa bomba pana la moshi na namba 131. Hadithi iko mwaka 1885. Injini ilitengenezwa 1891. Kwa hivyo kwenye muvi ya kusafiri kwa wakati, kitu pekee kilichosafiri kweli ni treni, miaka sita kurudi nyuma, na hakuna aliyeuliza. (Ile inayoanguka korongoni mwishoni ni modeli. Tulieni.)

Baadaye boila ikachoka, ikazimwa, ikafunguliwa mpaka mifupa, na mwaka 2010 ikawashwa tena. Iko Jamestown hadi leo, kwa hifadhi ya serikali ya jimbo inayoitwa Railtown 1897.

Msifikiri ni mambo ya wazee peke yake. Breaking Bad, msimu wa tano, episodi ya tano, 2012. Walt na vijana wake wanasimamisha treni jangwani wakinyonya kemikali kutoka kwa tangi na kuweka maji. Reli ile ni ya kweli, ni Santa Fe Southern, kipande kama cha kilomita 29 kati ya Santa Fe na Lamy, New Mexico. Na kipande hicho kipo kwa sababu ya aibu fulani ya kihistoria. Mwaka 1880 kampuni kubwa iliyobeba jina la Santa Fe, Atchison, Topeka and Santa Fe, ilijenga njia yake kuu na ikaupita mji wa Santa Fe kando, ardhi ilikuwa ngumu. Mji ukabaki na katawi. Hako katawi ndiko Walt anaibia. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilinunuliwa na kikundi cha watu, na mmoja wao ni George R.R. Martin, mzee wa Game of Thrones. Sasa treni zake zinabeba watalii na maonyesho. Burudani imekalia usukani tena.

Na yetu je? Hapa ndipo huwa nanyamaza kidogo. Hadithi ya treni yenye damu na simba kuliko zote duniani ni yetu. Reli ilianza Mombasa 1896, mwaka 1898 simba wawili wa Tsavo wakala wafanyakazi kwa miezi, na reli ikafika Nairobi 1899. Hollywood ikaichukua, ikatoa The Ghost and the Darkness mwaka 1996, Michael Douglas na Val Kilmer. Ikapigwa Afrika Kusini. Simba wenyewe wako Chicago, kwa Field Museum, wamekaushwa. Kwa hivyo mtu akitazama hiyo muvi kutambua reli ya Tsavo, anatambua hewa. Out of Africa ya 1985 angalau ilipigwa hapa Kenya, na treni ya mvuke imo.

Huko Manchester, kiwanda cha Beyer Peacock kilitutengenezea injini za daraja la 59 kuanzia 1955. Garratt. Tani 252 kila moja, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya upana wa mita moja iliyowahi kuzishinda nguvu. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki na kazi yake ilikuwa kuvuta mizigo kutoka Mombasa kupanda Nairobi, kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Zilikuwa 34. Kufikia 1980 zilikuwa zimetolewa kazini. Hakuna studio iliyokuja na dola 1,250 kuulizia mmoja wa hii milima. Zimebaki mbili, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, zote kwa makumbusho ya reli hapa Nairobi. Thelathini na mbili ziko ndani ya nondo na sufuria za watu, au popote chuma huenda.

Kwa makumbusho hayo pia kuna lile behewa ambalo simba aliingia mwaka 1900, pale stesheni ya Kima, akamtoa Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, kupitia dirisha. Wageni wengi wanakimbilia hilo kwanza, na sawa, hata mimi. Ukimaliza, tembea mpaka kwa Mount Gelai usimame ubavuni. Anza kuhesabu kutoka mbele: manne madogo, manane makubwa, mawili, halafu mawili, manane, manne. Ni 28. Ukiwa upande mmoja utaona 14 pekee, zunguka.