Mtihani wa Kalamu na Mtihani wa Mashini

Kila mzazi anaijua homa ya siku za mtihani. Mtoto hali vizuri, mama huomba zaidi ya desturi yake, baba huuliza kila jioni kama matokeo yametoka. Lakini siku hizi, katika nchi nyingi, mtoto hapewi tena karatasi. Anaketishwa mbele ya kompyuta. Basi watu wanauliza: je, mtihani huu ni sawa na ule? Yule aliyeshindwa mbele ya mashini, angeshinda kama angeandika kwa kalamu? Ili kujibu yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Karatasi yenyewe haikuwako tangu mwanzo. Katika vyuo vya Ulaya ya kale mwanafunzi aliulizwa kwa mdomo, naye alijibu mbele ya walimu wake. Wachina ndio waliotangulia kuandika. Kwa miaka zaidi ya elfu moja walichagua wakubwa wa serkali kwa mtihani wa maandiko, hata ulipokomeshwa mwaka 1905. Zamani za wafalme wa Song makarani walinakili upya kila jibu, ili msahihishaji asitambue mwandiko wa ndugu yake. Padri Matteo Ricci, Mjezuiti, aliyeishi kule tangu 1582 hata kufa kwake mwaka 1610, aliwaandikia watu wa Ulaya habari za mitihani hiyo.

Wajezuiti nao walikuwa na sheria zao. Katika kitabu chao cha masomo cha mwaka 1599, kiitwacho Ratio Studiorum, waliagiza kwamba mwanafunzi anayetoka chumbani kwa sababu kubwa aache kwa msimamizi yote aliyoyaandika. Tena kama maandiko mawili yamefanana kabisa, yote mawili yatiliwe shaka, maana haijulikani ni nani aliyemwibia mwenzake. Mwalimu yeyote wa leo atacheka akisoma hayo, kwa kuwa hila za wanafunzi hazikuzaliwa jana!

Mwaka 1845, katika mji wa Boston, Marekani, wakaguzi waliacha kuuliza kwa mdomo, wakawapa watoto maswali yaliyopigwa chapa wajibu kwa kuandika. Matokeo yalikuwa mabaya, na wakuu wa shule hawakufurahi hata kidogo. Kila mtoto alikuwa ameulizwa maswali yale yale, na jibu lake lilibaki, likaweza kusomwa na mtu asiyemjua. Hiyo ndiyo nguvu ya karatasi. Taabu yake ni kusahihisha. Kwa hiyo mnamo 1915 Mmarekani Frederick Kelly alitunga maswali ya kuchagua jibu moja tu, na mwaka 1917 jeshi la nchi ile likaanza kuwapima askari kwa maswali mafupi ya namna hiyo, watu zaidi ya milioni moja na nusu.

Hapo ndipo anapotokea Reynold Johnson, mwalimu wa shule katika jimbo la Michigan. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana alichora mistari ya kalamu ya risasi juu ya buji za motokaa za vijana waliokuja kuwaposa dada zake. Risasi ile nyeusi hupitisha umeme. Cheche ikapotea njia, motokaa ikakataa kuwaka. Alipokuwa mwalimu aliukumbuka mchezo ule. Mwanafunzi akitia alama nyeusi penye jibu lake, je, umeme hauwezi kuisoma alama hiyo? Kampuni ya IBM ikamwajiri, na mwaka 1938 mashini ya kusahihisha mitihani ikaanza kutumika. Basi, msidhani kwamba mashini iliingia katika mtihani pamoja na kompyuta. Iliingia kwa njia ya kalamu. Tena Johnson huyo huyo ndiye aliyeongoza mafundi waliotoa mwaka 1956 diski ya kwanza ya kutunzia maandiko ya kompyuta.

Mwaka 1994 wauguzi wa Marekani walianza kutahiniwa kwa kompyuta inayochagua swali kwa kufuata jibu lililotangulia: ukijibu vema, linakuja gumu zaidi, ukikosa, linakuja jepesi. Karatasi haiwezi kufanya hivyo.

Lakini je, alama ni zile zile? Katika jimbo la Massachusetts, miaka ya 2015 na 2016, shule nyingine zilitumia karatasi na nyingine kompyuta kwa mtihani mmoja. Wataalamu Backes na Cowan walilinganisha. Watoto wa kompyuta walipata alama za chini, hasa katika lugha. Mwaka wa pili upungufu ulibaki kama theluthi moja katika hesabu, na kama nusu katika lugha. Maana yake mwaka wa kwanza mashini ilipima pia mazoea, wala si akili tu. Mimi naona ni udhalimu kumhukumu mtoto kwa kitu ambacho hakukishika hata siku moja kabla ya mtihani.

Tutazame sasa Afrika yetu. Katika Nijeria, ofisi iitwayo JAMB, iliyoanzishwa mwaka 1978, ndiyo inayotahini vijana wanaotaka kuingia chuo kikuu. Mwaka 2013 iliwaruhusu kuchagua kompyuta. Tangu 2015 wote wanaitumia. Matokeo yakatoka upesi. Lakini mwaka 2025, katika vijana zaidi ya milioni 1.9, wengi mno walipata alama duni. Wazazi na walimu walilalamika, wataalamu wakaitwa. Wakakuta kwamba mashini za kanda moja hazikuwekewa programu mpya ya kusahihishia majibu. Vituo 157 vya Lagos na vya majimbo matano ya kusini-mashariki viliguswa, vijana 379,997. Karani akikosea katika karatasi huumiza darasa moja. Hapa kosa moja liliwaangukia vijana wa majimbo sita kwa mara moja. Mkuu wa JAMB, Profesa Ishaq Oloyede, alikiri mbele ya watu wa magazeti tarehe 14 Mei, akalia machozi. Siku mbili baadaye vijana wale wakaanza kufanya mtihani upya.