Chuma cha Perseus na Roketi ya Ngomeni

Haya wasomaji, leo tuache kodi za programu kando kidogo. Tazama msumari wowote kwenye mabati ya hapa Eldoret. Chuma chake kilichimbwa ardhini, sawa. Ardhi nayo ilikipata wapi? Jibu ni nyota, na sehemu ya ushahidi ililetwa na setilaiti iliyorushwa kutoka pwani yetu ya Kenya. Shuleni sikuwahi kuambiwa hivyo.

Kwanza nadharia. Mwaka 1957 Margaret Burbidge, Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle walichapisha makala ndefu kuhusu jinsi nyota zinavyopika elementi. Ndani ya Jua, kwenye joto la digrii milioni 15 hivi, viini vya haidrojeni huungana kuwa heliamu. Joto likifika digrii milioni 100 hivi, viini vitatu vya heliamu huungana kuwa kaboni. Nyota kubwa huendelea hadi oksijeni, neoni na silikoni, na kila hatua ni fupi kuliko iliyotangulia. Katika nyota yenye uzito wa Jua mara 25, silikoni ya katikati huisha kwa siku moja tu! Kinachobaki ni nikeli isiyodumu, ambayo baadaye hugeuka kobalti, kisha chuma. Hapo hakuna kuni tena, maana kuunganisha viini vya chuma hula nishati badala ya kuitoa. Katikati ya nyota huporomoka kwa chini ya sekunde moja na tabaka za nje hulipuka. (Chuma kingi zaidi hutoka kwenye mlipuko wa aina nyingine, wa nyota ndogo zilizokwisha kuzimika.)

Fowler alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1983, Hoyle hakupata. Mimi naona alionewa.

Sasa twende Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Waitaliano walisimamisha majukwaa baharini pale, yakiitwa San Marco, na kati ya 1967 na 1988 yakarusha setilaiti tisa. Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huisukuma roketi, na setilaiti hukwepa sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo. Iliyojulikana zaidi ni Uhuru ya Wamarekani, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri. Ilipima eksirei kutoka angani, ambazo hewa yetu huzizuia zisifike chini, na ikaonyesha kwamba makundi ya galaksi yanang'aa kwa eksirei hizo.

Zilitoka wapi? Tarehe 15 Oktoba 1974 ikarushwa Ariel 5 ya Waingereza, kutoka hapo hapo. Ilipoelekezwa kwenye kundi la Perseus, lililo mbali nasi kwa takriban miaka milioni 240 ya mwanga, vipimo vilivyochapishwa 1976 vilionyesha nundu kwenye eksirei, mahali pale pale ambapo chuma chenye joto la mamilioni ya digrii hutoa alama yake.

Nundu moja tu, lakini fikiria maana yake. Mlipuko Mkuu ulioanzisha ulimwengu ulitengeneza haidrojeni, heliamu na lithiamu kidogo, basi. Haukutengeneza chuma. Kwa hiyo ile gesi ya moto iliyojaa katikati ya galaksi ilikuwa imechanganyika na majivu ya nyota. Milipuko ilikuwa imetupa chuma nje ya galaksi zenyewe.

Perseus ilitazamwa tena mwaka 2016 na Hitomi, setilaiti ya Wajapani yenye kipimo kikali zaidi. Uwiano wa kromiamu, manganisi na nikeli kwa chuma ulikuwa karibu sawa na wa Jua letu. Wiki chache baada ya kurushwa, Hitomi ilianza kuzunguka ovyo, na tarakimu zisizo sahihi zilizokuwa zimetumwa kwenye programu ya kuiongoza zikaizidishia kasi hadi ikavunjika. Waandishi wa programu wenzangu, someni ripoti ya ajali ile polepole. Iliyochukua nafasi yake, XRISM, ilirushwa Septemba 2023.