Mfupa wa Nyuma ya Sikio na Kumbukumbu ya Dola

Taifa letu lilipopata uhuru mwaka 1961, lilitajiwa maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likaupa mji huu nafasi katika historia, na katika miaka iliyofuata zahanati zikaenea vijijini. Lakini, ndugu msomaji, adui asiyeandikwa kwa jina lake tutajuaje kama ameshindwa?

Chukua mfano wa maambukizi ya mastoidi, yaani mfupa wa nyuma ya sikio. Aghalabu huanzia kwenye sikio la kati la mtoto ambalo halikutibiwa ipasavyo. Mfupa huo una vijumba vya hewa mithili ya sega la nyuki. Usaha ukijaa humo, nyuma ya sikio huvimba na kuuma, sikio husukumwa mbele na homa hupanda. Wekundu unaotajwa vitabuni huenda usionekane wazi katika ngozi nyeusi. Mkono wa tabibu unaopapasa una thamani kubwa. Tiba ikichelewa, maambukizi huweza kufika kwenye ubongo.

Tiba yenyewe si siri. Mwaka 1873 daktari Mjerumani Hermann Schwartze alieleza upasuaji wa kuufungua mfupa huo na kutoa usaha. Penisilini ilipoenea katika miaka ya 1940, vifo vikapungua sana. Leo mgonjwa hupewa antibiotiki kwa njia ya mshipa, na asipopata nafuu hupasuliwa.

Kuandika ugonjwa nako kuna historia yake. Orodha ya kimataifa iliyoandaliwa na Mfaransa Jacques Bertillon mwaka 1893 ilihesabu sababu za vifo tu. Ni toleo la sita, la mwaka 1948, chini ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kuhesabu pia maradhi ya walio hai. Katika toleo la kumi, usaha wa sikio la kati una msimbo H66, na maambukizi ya mastoidi H70: H70.0 yakiwa ya ghafla, H70.1 yakiwa sugu.

Sasa mfikirie mama ateremkaye kutoka Ngarenanyuki akiwa na mwanawe mgongoni. Daftari likiandika “sikio” tu, mtoto hupewa matone na kurudishwa nyumbani. Takwimu zikijumlishwa, H70 haimo. Na kisichomo hakiombewi dawa, vifaa wala daktari bingwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefanya jambo hili kuwa zito zaidi, kwa kuwa bima hulipa kilichoandikwa.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Walimlenga mgonjwa. Leo onyo hilo linamhusu pia mtumishi wa umma mwenye kalamu mkononi.