Mlezi wa watoto Lukole akitaka kusoma chuo, Serikali inamlipia?

Lukole, wilayani Ngara, wengi wanaijua kwa kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofungwa mwaka 2008. Kama unaishi maeneo hayo, unashinda na watoto kwenye kituo cha malezi au unafundisha darasa la awali kwa kujitolea, huenda umeshajiuliza: nikipata nafasi chuoni, ada atalipa nani?

Jibu fupi ni kwamba Serikali inaweza kukukopesha, ila siyo kwa sababu wewe ni mlezi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) haina dirisha la walezi peke yao.

Kwanza ujue uko upande gani. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinasajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kinasimamiwa na maofisa ustawi wa jamii. Wa huko husomea malezi, mfano Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kampasi ya Kisangara mkoani Kilimanjaro. Darasa la awali ni la Wizara ya Elimu, na mwalimu wake anapita vyuo vya ualimu.

Sasa tuje kwenye fedha. HESLB ilianza kazi mwaka 2005, na kwa miaka mingi mikopo yake ilikuwa ya shahada zaidi. Mwaka wa masomo 2023/24 ikafungua mlango wa stashahada kwa Sh48 bilioni, lengo likiwa wanafunzi kama 8,000. Fani zilizopewa kipaumbele ni afya, kilimo na mifugo, usafirishaji, nishati na madini. Upande wa ualimu, uzito ukawekwa kwenye sayansi, hisabati na ufundi. Astashahada, ambako walezi wengi wangeanzia, haikuguswa.

Lakini kinachowabana walezi zaidi ni masharti. Miongozo ya bodi imekuwa ikitaka mwombaji awe Mtanzania asiyezidi miaka 35, asiwe na ajira rasmi, na awe amemaliza ngazi iliyotangulia ndani ya miaka mitano. Chukua dada wa miaka 29 aliyemaliza kidato cha nne, akakaa na watoto miaka kumi. Uzoefu wake, ambao ungepaswa kumbeba, ndio unaomtoa. Mkopo unamfuata aliyetoka shule juzi.

Kuna walioanzia upande wa pili. Mwaka 1990 jimbo la North Carolina, Marekani, lilianza na ufadhili uitwao T.E.A.C.H. kwa ajili ya walezi ambao tayari wako kazini. Gharama inagawanywa: mfuko unabeba sehemu kubwa ya ada na vitabu, mwajiri anachangia na kumpa mlezi muda wa kusoma, mlezi naye anaweka kidogo. Akimaliza kozi za mwaka anaongezewa malipo au anapewa bonasi, na anaahidi kubaki kituoni kwa muda. Hapo hakuna deni la kukatwa kwenye mshahara, wakati mnufaika wa HESLB aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15. Kwa kipato cha mlezi, hiyo si hela ndogo.

Kama vigezo unavyo, usisubiri dirisha lifunguliwe ndipo uanze kuhangaika. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kuhakikiwa na RITA, na cha kifo cha mzazi pia kama ni yatima. Kaya yenu ikiwa kwenye mpango wa TASAF, weka ushahidi wake kwenye maombi, maana unahesabika.

Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, isiyo na riba, ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa ajili ya miradi. Walezi walioungana wanaweza kuiombea kituo chao. Ada ya chuo haimo.