Mtu wa Tatu Katika Mkataba

Utotoni, kila nilipopita mbele ya Hospitali ya Dr. Atiman mjini Sumbawanga, nilidhani Atiman alikuwa Mzungu. Sivyo. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Mto Niger, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa kwa fedha na Mapadri Weupe, kisha akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akatibu watu wa huko hadi alipofariki mwaka 1956.

Boma la Karema lilikuwa limejengwa mwaka 1879 na chama cha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kisha likakabidhiwa kwa mapadri hao mwaka 1885. Kwa hiyo huku kwetu mikono binafsi ilianza kutoa huduma za umma kabla serikali ya kikoloni haijafika.

Vitabuni, ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi huanza na sera ya mwaka 2009 na sheria ya mwaka 2010. Hospitali zetu zinasimulia habari ndefu zaidi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilitaifisha shule za misheni, lakini hospitali nyingi za makanisa iliziacha. Haikuwa na uwezo wa kujenga hospitali katika kila wilaya. Ndipo zikazaliwa hospitali teule: majengo na uendeshaji vya kanisa, ruzuku na mishahara kutoka serikalini. Namanyere, wilayani Nkasi, ilikuwa mojawapo.

Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku tiba ya kibiashara, ila mashirika ya dini yakaruhusiwa kuendelea. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1991, hazina ikiwa imekauka. Mwaka 1992 serikali na makanisa wakatia saini Hati ya Makubaliano. Ujamaa ulikuwa umerudi nyuma, lakini hitaji lilikuwa lilelile: serikali ilitafuta mtu wa kushika upande wa pili wa mzigo.

Sioni ubaya katika mikataba. Huruma haidaiwi mahakamani, mkataba hudaiwa. Ruzuku ikiandikwa, mwananchi anaweza kuuliza iko wapi. Lakini kila ninapousoma mpangilio huu namtafuta mtu mmoja na simwoni: mama anayepanda milima ya Lyamba lya Mfipa kutoka Muze, mtoto mgongoni ana homa. Ruzuku ikichelewa, hospitali ina njia mbili: kupandisha bei au kupunguza dawa. Zote mbili zinaishia kwake, naye hakutia saini popote.

Wataalamu wa ubia husema siri yake ni kugawana hasara kabla haijatokea. Basi swali la kuuliza kwa kila mkataba mpya, uwe wa hospitali, barabara au umeme, ni hili: fedha zisipofika, nani atalipa? Jibu likiwa ni yule mama, wawili waliotia saini hawajagawana kitu. Wamemtwisha mzigo mtu wa tatu.