Saa 24 za kwanza za mtoto wa nguruwe

Mwaka 1976, mtafiti wa lishe Mwingereza Elsie Widdowson na wenzake walichapisha jaribio rahisi tu. Watoto wa nguruwe waliozaliwa punde waligawanywa: wengine walinyonya, wengine wakapewa maji. Baada ya saa 24, utumbo wa walionyonya ulikuwa umekua na kuongezeka uzito sana. Wale wa maji waliachwa nyuma. Kumbe dang'a, yale maziwa ya kwanza, hayaleti shibe na kinga tu, yanajenga utumbo wenyewe!

Sasa jiulize: dang'a hutengenezwa lini? Sehemu kubwa, kabla ya kuzaa. Na chakula cha mama huonekana humo: akiongezewa mafuta, maziwa yake nayo huongezeka mafuta. Mfugaji anayesubiri watoto wazaliwe ndipo amlishe mama vizuri, ameshachelewa.